Brashi ya Hewa na Udongo wa Adu

Kilifi,
Jumapili, 9 Machi 2025

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba mgongo umekupa nafasi ya kutembea hadi sokoni na kurudi. Mama naye, goti lake limepoa? Sisi huku hatujambo. Charity, mkwe wako, ameenda kanisani kwa mazoezi ya kwaya, nami nimepata utulivu wa kuandika. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Mengine husemwa vizuri zaidi kwa kalamu.

Kazi inakwenda vyema, Baba, tena sana. Ofisini wamenikabidhi modeli zote: nyumba ndogo kama viberiti, kuta za karatasi ngumu, miti ya waya. Januari tuliletewa kazi ya Adu, kule Magarini. Kuna mfereji wa maji unaopangwa kuchimbwa, na wakulima walikuwa wamekataa kutia sahihi mara mbili. Si kwamba ni wakaidi. Ramani walizoonyeshwa zilikuwa mistari mitupu, na mtu hakubali kitu kipite shambani mwake ikiwa shamba lenyewe halioni. Bosi wetu, Bi Anjana, akasema watengenezewe bonde zima, upana wa meza mbili, kila boma lionekane na udongo uwe na rangi yake halisi.

Kwa brashi ya kawaida nisingeweza. Udongo wa Adu haugeuki ghafla. Unafifia polepole kutoka mlimani hadi mtoni, na nywele za brashi huacha michirizi. Nikaenda Malindi kwa mzee Bharat, mwenye duka la vifaa vya mafundi, kutafuta brashi ya hewa. Ni mdogo wa ile bunduki yako ya kupulizia malori, Baba, ila hii hushikwa kama kalamu. Alinitandikia tatu. Ya kwanza ukibonyeza inatoa hewa na rangi kwa pamoja, huna la kupunguza wala kuongeza, nikairudisha. Zile mbili nyingine ukibonyeza unapata hewa, ukivuta nyuma ndipo rangi inapokuja, kidogo au nyingi upendavyo. Moja ilikuwa na kikombe juu na tundu jembamba kama unywele, nayo ndiyo aliyoisifu. Nyingine ilining'iniza chupa kwa chini, tundu lake pana kidogo. Nilizijaribu zote kwenye gazeti, nikasikiliza kompresa za kusukuma hewa kama ulivyonifundisha, nikataka yenye tangi ili hewa isije kwa kukatika. Mwisho nikachukua ya chupa. Mzee Bharat alinitazama, akasema fundi mwenye jicho huchagua kikombe. Nikamjibu kwamba joto la huku hukausha rangi kwenye tundu jembamba, na kwamba najua ninachokitaka.

Februari tuliipeleka modeli Adu, tukaiweka darasani. Kahindi, mwenyekiti wao, aliwaita watu waje kwa zamu. Mama mmoja, Kadzo Ngumbao, aliizunguka meza mara mbili, kisha akaweka kidole.

"Hapa wekundu unapoishia ndipo alipolala mume wangu," akasema. "Mfereji wenu unampitia juu."

Mhandisi alikwenda naye kwa miguu kuhakikisha. Kaburi lilikuwepo, limefunikwa na majani, na mwaka mzima hakuna aliyeliona kwenye ramani. Mstari ukasogezwa. Jioni ile wakatia sahihi, na Kadzo akawa wa kwanza.

Sasa nifike ninapoogopa kufika. Ulipostaafu ukataka nichukue karakana yako, nilikujibu kwamba kazi ya kunuka thina ya rangi haimfai mtu aliyesoma. Baba, ulikuwa uongo. Macho yangu hayatenganishi nyekundu na kijani, na ni hivyo tangu nizaliwe. Nilipokuwa na miaka kumi na moja ulinituma kopo la rangi nyekundu ya lori la Bwana Odera, nikakuletea la kijani, nawe ukadhani nafanya mchezo, ukacheka mbele ya mafundi. Tangu hapo nikawa nasoma majina kwenye makopo. Niliona afadhali uniite mwenye majivuno kuliko ujue kwamba fundi rangi amezaa mwana asiyeziona rangi.

Jhanvi, binti wa Bi Anjana, ndiye aliyenigundua. Nilikuwa nimepaka kipande cha kwanza cha kilima. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mutuku, udongo huu unauona ni wa rangi gani?" Nikamwambia yote, na hakucheka. Siku hizi yeye huchanganya rangi kwa kulinganisha na udongo wenyewe, huzitia kila moja katika chupa yake na kuiandika jina. Ndiyo maana nilikataa kikombe: chupa yenye jina naichomeka kwenye brashi ilivyo, bila kukisia rangi. Lakini umbali wa mkono, wepesi wa kidole, mahali mwanga unapokufa na kivuli kuanza, hayo ni yangu, nami niliyapata nikiwa nimesimama kando yako. Sikuidharau kazi yako hata siku moja. Nisamehe.

Daktari wa macho amesema tatizo hili halina dawa, wala halizidi. Basi naishi nalo, na mkate napata.

Nina ombi moja. Njoo Pasaka. Nimepewa modeli ya Ngomeni, mashua hamsini na mbili, kila moja na rangi ya mwenyewe, na wiki hiyo Jhanvi atakuwa safarini. Nahitaji mtu wa kunionyesha nyekundu ni ipi.

Mfikishie Mama salamu zangu, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akutunze hadi tuonane.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Mutuku