Maana ya Ready Meal

Jumatatu, 3 Machi 2025
Intaviu ni Alhamisi, kwa video. Kazi ya kutunza wazee Uingereza, nyumbani kwao. Nimepika shuleni miaka kumi na miwili, lakini ajenti wa Nairobi anasema wataniuliza kuhusu chakula cha huko. Jioni nikapitia kwa Chelimo, jirani. Yeye aliifanya kazi hiyo miaka miwili akarudi. Akanitajia vyakula vya huko. Takeaway naijua – chipsi za mjini Litein, unafungiwa, unaenda nazo. Ready meal nilidhani ni chakula kikishaiva, kiko mezani. Chelimo alicheka mpaka akashika mlango.

Jumanne, 4 Machi
Somo tena. Ready meal imepikwa kiwandani, ikawekwa kwenye trei, ikagandishwa. Unatoboa plastiki kwa uma, maikrowevu dakika nne, unakoroga, dakika mbili tena. TV dinner ni hiyo hiyo, mtu akila huku akitazama televisheni.
Nikauliza, "Anakula na nani?"
Chelimo akajibu, "Peke yake, Mama Okemwa. Wewe unaandika kwenye fomu kwamba amemaliza."
Hilo limenikaa rohoni. Nimerudi nyumbani nikamlisha mama yangu uji wa wimbi, kijiko kwa kijiko. Tangu apate stroke, upande mmoja ukapooza, nusu saa haitoshi.

Alhamisi, 6 Machi
Wameuliza! Ungemwandalia mzee ready meal vipi? Nikasema yote, hata kutoboa plastiki. Nikaongeza kwamba ningeketi naye akila. Yule mama wa kwenye skrini akasema ni vizuri, ila kila nyumba ina dakika ishirini. Wengine wanangoja.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepita. Ajenti atapiga kesho saa sita, anataka jibu.
Dada yangu Bonareri ndiye atakayebaki na Mama. Leo amekuja kujaribu. Akampikia noodles za pakiti, mbio mbio, maana ana duka la kufungua Kapsoit. Mama akafunga mdomo. Bonareri akasema atazoea, kila mtu huzoea. Nilitoka nikazunguka kwenye shamba la majani chai, ingawa leo si siku ya kuchuma.

Jumamosi, 8 Machi
Saa sita kasoro dakika chache. Bonareri hajafika. Uji unapoa.
Nimemweleza Mama kila kitu – trei, maikrowevu, fomu. Akasikiliza. Kisha akauliza polepole, kwa upande ule mmoja wa mdomo: hao wazee hawana watoto?
Nikasema wanao. Wako mbali, kazini.
Akaangalia dirishani. Sijui ananiruhusu au ananikataza.
Simu ya ajenti imeita, ikanyamaza. Inaita tena.