Gwakisa na Asukile, Raundi kwa Raundi

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Mvua tangu asubuhi. Mwanjelwa yote matope. Mtihani wa kidato cha nne umekwisha na sina kazi ila kumsaidia mama kibandani – chai, chapati, maharage. Sipendi kutazamwa, kwa hiyo nageuza chapati nikiwa nimewapa wateja mgongo.

Leo wanaume wa kibarazani kwa Mzee Arvind, mwenye duka la vipuri jirani yetu, walibishana mpaka chai ikapoa. Ali na Tyson wangekutana wote wakiwa vijana, nani angebaki amesimama? Mzee Arvind: Ali angemchezesha mpaka pumzi imwishe. Crispin wa bodaboda: Tyson angemlaza mtu kabla hujamaliza kukaa, mzee wangu!

“Wewe umezaliwa juzi, bwana mdogo,” Mzee Arvind akamwambia. “Ali umemwona kwenye simu, mdogo kama kidole!”

Nilicheka kimyakimya.

Halafu Kocha Jailos akasema hao wa mbali tuwaache. Wa kwetu je? Gwakisa wa miaka ya themanini na Asukile, wote uzito wa juu, wote wa hapahapa.

Asukile! Kaka yangu, bondia wa Kocha Jailos. Tangu tumzike Julai hakuna aliyemtaja pale, ila wanapomwita mama – Mama Asukile, ongeza chai. Chapati iliungua.

Jumanne, 3 Desemba

Wameweka sheria. Raundi moja kila jioni kabla duka halijafungwa. Kocha anatangaza. Honi ya pikipiki ya Crispin ndiyo kengele. Na hakuna kubuni! Ukisema ngumi imetua, useme uliiona wapi kwa macho yako. Mzee Arvind alimwona Gwakisa mara nyingi, kabla hajastaafu na kufia kwao Tukuyu, mzee wa mvi. Asukile wamemwona wote. Kwa hiyo kila ngumi ni ya kweli. Ilishampiga mtu.

Raundi ya kwanza imekwenda kwa Asukile. Kocha alieleza anavyoficha kidevu begani, anavyopuliza pua – fyu, fyu – kabla ya kurusha kushoto. Ile fyu nilikuwa nimeisahau! Nikageuka kumtafuta. Kweli, niligeuka.

Wote wawili wako udongoni, na wanapigana mbele ya sufuria zetu.

Jumatano, 4 Desemba

Mama hakuwahi kwenda kutazama pambano hata moja. Alikuwa akisema hawezi kukaa kwenye kiti na kuona aliyemnyonyesha anapigwa. Leo kavuta kigoda mpaka kibarazani, mikono ina unga.

Raundi ya pili sare. Gwakisa akipiga, mama anashika tumbo. Asukile alipojibu, mama akasema polepole, “Ndaga, mwanangu.” Alimshukuru! Kwa Kinyakyusa, kama vile amemletea kuni.

Tuliporudi nyumbani Ilomba alikuwa anaimba akiosha masufuria. Sijamsikia akiimba tangu Julai. Nilitaka pambano lisiishe.

Alhamisi, 5 Desemba

Raundi ya tatu ya Asukile, wazi kabisa. Mama kawapa wote chai ya bure. Crispin akasema, Mama Asukile, kwa chai hii tutampa na mkanda wa dunia! Wakacheka. Mama naye alicheka.

Mimi sikuweza. Kuhusu kifo chake mama anajua hivi: Iringa, ukumbini Mlandege, Asukile alimaliza pambano vizuri, kichwa kikaanza kumuuma ndani ya basi wakirudi. Baba mdogo ndiye aliyesema mama aambiwe hivyo, asije akafa na yeye. Wakubwa wakakubali.

Nimeiona video kwenye simu ya Crispin. Raundi ya nne, ngumi ya kulia, juu ya sikio. Anaanguka. Anaamka, kengele inalia, anakwenda kona ya mpinzani! Kocha Jailos anamvuta mkono kama mtoto, anamwosha uso, anamrudisha. Raundi ya tano. Ya sita.

Hakuna kubuni, wamesema. Na kesho ni raundi ya nne.

Ijumaa, 6 Desemba

Mvua kubwa, kibaraza kimelowa, hakuna pambano. Asante Mungu.

Crispin alikuja peke yake kununua chapati. Nilikuwa nimeipanga sentensi tangu alfajiri: Kaka Crispin, tafadhali usiitaje Mlandege. Akaniuliza, unasemaje, mdogo wangu? Nikasema, ngapi?

Jumamosi, 7 Desemba

Mama alikaa kabla hata ya honi. Kocha alisimulia taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Asukile anaongoza. Asukile anazunguka. Fyu, fyu. Nikaona labda Kocha atamvusha.

Crispin akapagawa. Gwakisa anarudi! Mkono wa kulia, paa! Juu ya sikio!

“Umeiona wapi hiyo?” Mzee Arvind akadakia. “Gwakisa alikuwa mtu wa kushoto!”

“Mlandege, mzee! Asukile aliipokea akaenda chini –”

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Amechelewa.

Kocha akasema, “Natupa taulo.”

“Kocha, mtu anaongoza!” Mzee Arvind akalalamika.

“Nimesema natupa taulo. Pambano limekwisha.” Mkono wake ulikuwa juu, umefumbata hewa.

Mama akauliza taulo ni nini. Mzee Arvind akamweleza kwa upole: watu wa kona wakiona mtu wao ameumia, wanatupa taulo ulingoni, refa anasimamisha, bondia anakwenda nyumbani. Mama akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama anaelekezwa njia.

“Jailos.” Hakumwita Kocha. “Siku ile ya Iringa, taulo lilikuwa wapi?”

Kocha akashusha mkono. Akautazama.

Mama akamwacha, akanigeukia mimi. “Devotha. Wewe mwanangu hujashtuka. Wenzako wote wameshtuka. Ulijua?”

Nikasema naenda kuchota maji.

Niko nyuma ya kibanda, bombani. Daftari lilikuwa mfukoni mwa aproni, naandika nimesimama. Ndoo imejaa zamani, maji yananimwagikia miguuni, sifungi.

Nimwambie alikwenda kona isiyo yake? Nimwambie alioshwa uso?

Mama ameniita mara mbili, jina langu lote.

Sasa ameacha kuita. Nasikia kandambili zake kwenye matope, zinakuja huku.