Yule wa Gauni la Njano

Jumapili, 2 Novemba 2025

Wiki ndiyo kwanza inaanza, nimeshachoka. Siku nzima nafuta vumbi kwenye mashine za pinboli za Bu Jasim, tajiri wetu — zile za zamani, mpira wa chuma unakimbia chini ya kioo nawe unaurudisha juu kwa vibawa viwili. Amejaza ukumbi mzima hapa The Pearl, kisiwa cha matajiri. Zinalia, zinawaka, kichwa kinagonga.

Kazi yangu hasa ni karatasi zake. Vipeperushi walivyotumiwa wenye baa huko Marekani, miaka ya sitini na sabini, ili wanunue mashine. Nina digrii ya nyaraka. Mama akiuliza nafanya nini Doha, namwambia makumbusho. Si uongo sana.

Wanawake wote kwenye vipeperushi wameipa mashine mgongo. Wanatabasamu tu, hawachezi. Isipokuwa mmoja — gauni la njano, mabega wazi, macho kwenye mpira. Hana habari kama kuna anayemtazama! Nimemfungia kwenye droo yangu.

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Bu Jasim kapita. Alhamisi dada zake wanakuja na watoto. Hataki watoto waone vifua na mapaja. Funikeni, kasema, kaondoka na simu sikioni.

Fremu bado ziko kwa fundi, karatasi zimelala mezani. Nitakata karatasi laini, niwalazie juu bila gundi. Rael wa usafi kacheka: "Dada Husna, hawa wasichana wako leo wanavalishwa abaya!"

Jumanne, 4 Novemba 2025

Homa. Kitandani, chumba changu cha kupanga mtaa wa Bin Mahmoud. Chumba cha pili wanakaanga samaki, nimeziba mlango kwa taulo.

Nimemrekodia Rael sauti: nimalizie kuwafunika, unajua wanavyotaka. Kajibu nisijali, hiyo kazi anaijua sana. Nimelala.

Jumatano, 5 Novemba 2025

Amewapaka wino. Wote wa mezani! Kalamu nyeusi nene, ile isiyofutika. Mabega, mapaja, vifua. Kazi safi, hakuna mstari uliotoka nje. Alinisubiri mlangoni, anataka nimsifu.

Nilikaa sakafuni.

Kabla ya hapa Rael alikuwa kwenye ghala la magazeti ya nje. Kazi yao ilikuwa hiyo — kuziba ngozi kwa wino kabla gazeti halijaenda dukani. "Kule tulikuwa tunapiga marker kutoka asubuhi, na hakuna mtu alilia," akasema. Kisha akaniona uso. "Kwani si wanaweza print zingine?"

Hakuna zingine. Karatasi ina matundu ya pini za baa fulani, doa la bia ya mtu aliyekufa zamani. Ningemwelezaje?

Douglas, msimamizi wetu, alimpigia tajiri. Jibu fupi: aliyefanya hivi arudishwe kwao wiki hii. Atakuja mwenyewe kesho saa nne, apewe jina.

Rael hakulia. Alikunja aproni, akaikunjua, akaikunja tena. Ghala lilipofungwa alikaa bila kazi, analishwa na watu wa kanisa. Hii ndiyo kazi yake ya kwanza yenye Ijumaa ya kupumzika. Na nyumbani kwao Kapsabet, Kenya, wanamtegemea yeye.

Nikamwambia Douglas ni mimi. Akacheka hadi akashika mashine. "Wewe? Wewe unavaa glavu kushika karatasi! Hata kikombe cha chai huwezi kubali kikae hiyo meza. Enda ulale Husna, bado uko na homa."

Lakini ni mimi niliyesema unajua wanavyotaka. Mimi niliyesoma. Ningeongeza sentensi moja tu: karatasi, si wino! Niliona uvivu, nikageukia ukutani.

Alhamisi, 6 Novemba 2025

Nimefika kabla ya wote. Mashine kimya. Ukiitikisa kidogo inavumilia. Ukizidisha inajizima, na mpira wako umepotea. Mchezo mzima ni kujua kiasi. Mimi sijui.

Rael kaniandikia: ameshafunga sanduku, nisijisumbue, Mungu yupo.

Nimefungua droo. Wa njano yuko vilevile, anatazama mpira wake. Ufunguo wa droo ni mmoja, ninao mimi, na Douglas anajua hivyo. Akikutwa huyu naye na wino, nani mwingine wa kuulizwa?

Nimechukua kalamu ya Rael. Nimevua glavu.

Nimeanza na bega la kushoto. Mstari umeingia kwenye nywele — Rael asingekosea hivi. Nimetua kuandika haya, wino ukauke. Limebaki la kulia, na mkono ule unaobonyeza kitufe cha kibawa.

Douglas yuko chini, anaamkiana na Bu Jasim kwa Kiarabu. Mapema hivi! Lifti inapanda. Bega la kulia bado jeupe