Sauti Iliyoharibu Filamu

“Filamu ya pili haikuwa mbaya hata kidogo. Aliyeiharibu ni mzee mmoja mwenye sauti ya bati linaloburutwa barabarani, aliyepewa kipaza sauti akamsemesha shujaa upuuzi wake mwenyewe. Ni mkate wa jana uliopakwa siagi ya leo.”

Mdogo wangu mpenzi,

Maneno hayo si yangu. Yameandikwa mtandaoni na mtu anayejiita Jicho Kavu, na maelfu ya watu wamecheka chini yake. Nimeyatanguliza kabla ya salamu, unisamehe; unanijua, nikiwa na ugomvi mdomoni hata maji hayapiti. Sasa salamu. Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na wale wanangu wawili ninaowajua kwa picha tu, wanakua? Mimi nipo. Bado naandika gazetini, bado nagombana na watu wazima wenzangu kila Jumapili, na mgongo unaniuma. Baba hajambo, kwa kadiri mgonjwa anavyoweza kuwa hajambo. Yeye ndiye sababu ya barua hii, na ninachokitaka kwako ni kimoja: uje umwone. Najua hujaikanyaga nyumba hii tangu siku ile ya ukumbini. Soma kwanza mpaka mwisho, ndipo ukatae.

Ilianza kwa kukwaruza. Tulidhani ni mafua yaliyokataa kuondoka, tukampa asali na maji ya moto, tukamkataza kupiga kelele, kana kwamba kuna aliyewahi kumkataza Baba kupiga kelele akafaulu. Mwishowe nikampeleka hospitali. Daktari wa koo, mwanamke mpole asiyezungusha maneno, alitueleza kwamba kuna uvimbe, kwamba ni ule mbaya, na kwamba njia iliyobaki ni kuondoa sehemu yote inayotoa sauti. Baba akamuuliza kama ataweza walau kunong’ona. Akaambiwa hapana. Akauliza, na mluzi je? Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka, akasema hapana.

Tuliporudi nyumbani tulimkuta mwenye ukumbi wa filamu amekaa kwenye ngazi zetu, kofia mapajani. Alikuja kuleta habari kwamba filamu ya pili ya Shemeji imefika.

Wanao hawayajui haya, kwa hiyo wasomee hapa. Waambie kwamba zamani filamu za kigeni zilitujia bila maandishi chini ya picha, na babu yao ndiye aliyekaa kando ya pazia na kipaza sauti akiwasemea wote: shujaa, jambazi, mke wa jambazi, hata mbwa. Waambie kwamba yule shujaa arukaye juu ya maghorofa, ambaye dunia nzima inamwita kwa jina gumu la kwao, kwetu anaitwa Shemeji, kwa sababu alipombeba yule msichana kutoka motoni, Baba alipaza sauti akasema, “Huyo shemeji huyo! Ametuokolea dada!” Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita vingine. Wanawake wa soko zima walikuwa wanaulizana kama shemeji yao amekula.

Na wewe unajua, kwa kuwa ndiwe uliyelisema mbele ya watu, kwamba Baba hakuijua lugha ile hata neno. Aliitazama kila filamu chumbani kwetu sauti ikiwa imezimwa, tena na tena, akisoma nyuso, kisha akatunga. Wewe ulirudi kutoka chuoni na lugha yao kichwani, ukaketi safu ya mbele kuitazama filamu ya kwanza, na katikati ukasimama ukasema kwamba hayo maneno hayamo. Ukumbi ulicheka. Baba akaamuru taa ziwashwe, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba kijana yule hamjui, atolewe nje. Ukatoka mwenyewe, wala hukugeuka. Sina wa kumlaumu kati yenu. Mna shingo za aina moja, ngumu kama mpini wa jembe.

Basi, mwenye ukumbi alimwomba Baba arudi kwa mchana mmoja tu. Wale wa zamani, alisema, hawamtaki Shemeji wa maandishi, wanamtaka Shemeji wao. Mimi nilikataa. Nilipiga meza, nikamtaja daktari, nikamwambia yule bwana kwamba anataka kukamua ng’ombe aliyelala chini. Baba alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akaniambia, kwa ile sauti ya kukwaruza, kwamba sauti ni yake na itatolewa wiki hiyo hiyo, na mtu anayehama haachi unga mzuri kwenye pipa. Siku zilizofuata alikaa mbele ya runinga, sauti imezimwa, midomo ikitembea.

Ukumbi ulijaa mchana ule. Fundi cherehani alifunga kibanda chake. Kinyozi alikuja na mteja aliyenyolewa upande mmoja, wakakubaliana kumalizana baadaye. Alikuwepo muuza nyama, alikuwepo mwalimu wa sekondari ambaye alikwisha kuiona filamu kwenye jumba kubwa la mjini, yenye maandishi, na aliyemweleza kila jirani atakachokiona kabla hajakiona. Baba alipopanda kwenye kiti chake walimpigia makofi. Alipofungua mdomo, makofi yalififia. Hawakuitarajia sauti ile. Wengine walidhani kipaza sauti kimeharibika, wakapiga kelele kwamba fundi aitwe.

Lakini alienda nayo. Alichekesha, alitisha, alibweka pale penye mbwa. Mpaka tukafika juu ya paa.

Katika filamu hii Shemeji ana kijana aliyemlea na kumfundisha kuruka. Kijana amemgeuka. Wanakutana juu ya ghorofa, upepo unavuma, mji unawaka moto chini yao. Shemeji ananyoosha kidole na kusema neno fupi. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba maandishi yanasema, ukivuka hapa nitakuua. Baba hakusema hivyo. Baba alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema, “Mwanangu, nisamehe. Rudi nyumbani.”

Ukumbi ulipasuka. Wa nyuma walicheka. Muuza nyama alisimama akadai kiingilio chake, akisema kwamba yeye amelipa kuona kuta zikibomolewa, na kama angetaka kuona mwanamume mzima akiomba radhi angebaki nyumbani ajitazame kwenye kioo. Mwalimu alipaza sauti kwamba hayo hayamo, hayamo kabisa. Fundi cherehani alimgeukia akamwambia akae chini, au aende akasome maandishi yake huko kwenye magazeti ya kufungia vitumbua. Kinyozi alikuwa analia bila kujificha. Mtu mmoja alikuwa akirekodi kwa simu tangu tulipofika juu ya paa, na kipande kilichozunguka mtandaoni kinaishia hapo hapo, kwenye yale maneno mawili matatu na kicheko. Hicho ndicho alichokiona Jicho Kavu.

Lakini Baba aliendelea. Katikati ya kelele ile alisema maneno ambayo pengine watu wa safu ya mbele tu ndio walioyasikia. Mimi niliyasikia, nayaandika kama yalivyotoka. Alimsemesha Shemeji hivi: “Ulisema kweli, maneno hayakuwemo. Ulinivua nguo mbele ya watu, nami nikaona haya, nikakukana. Haya ya mtu mzima ni mbaya, mwanangu, haiponi. Lakini mlango sikuufunga.” Kisha wakapigana, maana filamu ni filamu, na paa likaanguka, na kijana akaanguka nalo.

Watu walitoka wakigombana. Mpaka leo wanagombana. Fundi cherehani na muuza nyama hawasalimiani. Kuna wasemao ni filamu bora kuliko ya kwanza kwa sababu ya paa lile, na kuna wasemao paa lile ndilo lililoiua. Mimi ni mtu wa hoja, kwa hiyo nitamjibu Jicho Kavu kwa hoja. Anasema shujaa alisemeshwa upuuzi. Nami namuuliza: kumwambia mtoto uliyemlea kwamba utamwua, hiyo ndiyo akili? Watu wa mbali wametumia fedha za kujenga mji ili wauchome, na mwishowe wamekosa neno la kumpa baba amwambie mtoto wake. Mzee asiyejua lugha yao alilisoma usoni mwa yule mwigizaji. Tazama tena uso ule sauti ikiwa imezimwa. Uso ule hautaki kuua mtu.

Mhariri wangu alinitaka niyaandike hayo kwenye ukurasa wangu wa Jumapili. Niliyaandika, makali kweli kweli. Sikuyapeleka, na sasa utajua kwa nini.

Siku moja kabla ya upasuaji, Baba akiwa kitandani hospitalini, aliniomba nimsomee watu wanasema nini. Nilimsomea sifa alizoziandika kinyozi mtandaoni, akatabasamu. Nilimficha ya Jicho Kavu, lakini unamjua, aliona jicho langu likiruka mistari. Akanilazimisha. Nikasoma kwa hasira, nikiwa tayari kumtukana mwandishi kila baada ya nukta. Nilipofika kwenye mkate wa jana uliopakwa siagi ya leo, Baba akaninyanyulia mkono. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, “Huyo ni Kitinda wetu.”

Nilibisha. Nikamwambia kwamba watu wengi husema hivyo. Akaniambia nisimdanganye. Na mimi najua, kama unavyojua wewe, kwamba hakuna mtu mwingine duniani anayesema hivyo. Msemo ule Baba aliutunga nyumbani kwa ajili ya filamu mbovu, na wewe ulikuwa unaurudia ukiwa huna hata meno ya mbele.

Sasa nisikilize, ndugu yangu, maana nina jambo moja linaloninyima usingizi. Sijui kama hukumtambua, au ulimtambua ukaandika hivyo hivyo. Nimeyapima yote mawili wala sijui lipi ni baya zaidi. Ninalolijua ni kwamba yeye alikutambua kwa maneno machache ya mgeni mtandaoni, na wewe ulisikia sauti iliyokulaza usingizi utotoni ukaiita bati.

Unajua alisema nini? Nilitarajia alie. Alifurahi. Alisema, “Anaandika vizuri.” Halafu akasema, “Kumbe amesikia.” Hilo ndilo lililokuwa neno lake kubwa la mwisho. Baada ya hapo aliomba maji, akawatania wauguzi kidogo, na asubuhi wakampeleka.

Upasuaji umefanyika. Sikukuandikia mapema kwa sababu nilitaka nikuletee habari njema, nikangoja, na habari njema haikuja. Sauti imeondoka yote, na daktari ametuambia kwamba ugonjwa ulikwisha kushuka kifuani kabla hawajafika. Haupo mkono wa kuufikia. Baba ameketi sasa kwenye kile kiti cha dirishani, shingo imefungwa, na tundu dogo analopumulia linatoa sauti kama ya mtu anayepuliza chai. Mchana huniashiria nimwekee filamu ya Shemeji. Anaitazama, sauti imezimwa, na midomo inatembea kama zamani. Nami nakaa kando yake, mimi ambaye watu wananiita Kidomo, mimi niliyewahi kumnyamazisha waziri mkutanoni, na sipati neno. Nilijaribu mara moja kumsemea. Akatikisa kichwa. Si mimi anayemtaka.

Nisalimie wifi yangu na wanangu. Kinyozi anakusalimu, hakukusahau. Fundi cherehani pia, ingawa alisema salamu zake zifike baada ya haya yote, si kabla. Sina matumaini makubwa na wewe, sitakudanganya. Shingo ile naijua, ninayo mimi pia. Lakini nataka mambo mawili, na siombi, nadai.

Kwanza, nenda pale pale ulipoandika, chini ya vicheko vile vyote, uweke jina lako ulilopewa na Baba, na uandike kwamba mzee yule ni baba yako. Wale maelfu waliocheka nawe walisome. Kisha njoo, haraka, wala usije na hotuba. Vuta kiti karibu na dirisha. Weka filamu, zima sauti, ngoja wafike juu ya paa, na Shemeji akinyoosha kidole, msemee Baba. Sema lolote. Kama hayamo, tunga.

Dada yako,
Kidomo