Shemeji Yako na Kamba Isiyo na Kosa

Ndani ya mashua,
Gati la Mwisho, Bandarini.
Jumapili, 6 Machi 2022.

Mpendwa dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na lile goti lako limetulia. Baridi ya huko imepungua? Na watoto, bado wanasomea sebuleni au wamesharudi shule? Sisi huku hatujambo, ila mimi kichwa kinaniuma, na chanzo chake ni shemeji yako.

Tumerudi mashuani, dada. Baada ya kukaa kwenye kile chumba cha ghorofa ya nne tangu watu walipoambiwa wajifungie ndani, tukiwasikiliza wa juu wakiburuta viti kutwa nzima, tumerudi kuishi majini kama zamani. Nilidhani nitalia kwa furaha. Nililia kweli, lakini kwa harufu.

Mashua ilikuwa nchi kavu muda wote huo, imeegemezwa magogo, majani yameota mpaka kwenye mkuku, ule uti wa chini wa mashua. Ndani, kuvu ilikuwa imetambaa juu ya magodoro, vikombe, hata lile koti ulilolisahau kwetu. Ndege walijenga kiota kwenye mikunjo ya tanga, wakalea makinda yao, wakahama bila kufagia. Dizeli imekuwa uji. Choo sikuelezi, usije ukashindwa kula.

Tulisugua, tukapaka rangi, tukashushwa majini. Mimi mgongo hauna hali, mwenzangu anapiga mluzi. Nikasema basi, mtu wangu amepona. Unakumbuka alivyotoka hospitali, ile siku niliyokupigia simu nikashindwa kuongea? Hakuweza kumaliza sentensi bila kupumzika.

Vituko vikaanza. Kila tukijaribu kupandisha tanga, analifikisha nusu ya mlingoti, anaacha. Eti kapi la juu, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, limeshika kutu. Tukamwita fundi wa milingoti, akavutwa hadi kileleni, akakagua, akashuka.

"Mama, huko juu kila kitu kinazunguka vizuri," akaniambia mimi, maana shemeji yako alikuwa ameshageuza uso.

Akadai fundi ana haraka, aitwe tena. Maskini ya Mungu akapanda tena, akarudi na jibu lilelile. Basi ikawa kamba ndiyo nene mno. Tukabadilisha kamba. Ikawa tanga limenyonya maji. Nikalianika kama shuka. Mpaka viatu alivisingizia, kwamba vinateleza. Kila kilichomo humu ndani kilipata kesi, isipokuwa yeye.

Hata mimi nilianza kuitazama ile kamba kwa chuki.

Jumatano tukatoka. Mashine ikatufikisha mdomoni mwa bandari, pale penye ukuta wa mawe unaozuia mawimbi, kisha ikakohoa na kuzima. Ile dizeli, bila shaka, ingawa aliapa kwamba ameichuja. Upepo ukawa unatusukuma kwenye mawe. Mimi nimeshika usukani, yeye anavuta kamba. Tanga likafika palepale pa siku zote, likaanza kupigapiga. Nilipomwangalia, midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Akakaa chini kama mtu aliyeambiwa akae.

"Kamba hii..." akaanza.

"Kamba ni nzima. Wewe ndiye hupumui. Njoo ushike usukani."

Hakubisha. Alikuja kwa kutambaa, nikaenda nikavuta. Dada, tanga lilipanda kama pazia. Halikukwama popote. Nilivuta kwa hasira, nikitamani walau likwame kidogo nimwamini. Tulipita karibu na yale mawe hadi nikawaona kaa wakikimbilia kwenye nyufa.

Tulipofika maji mapana nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema, ungenirudisha ghorofani," akajibu, macho mbele. "Nilikaa kule nikihesabu pumzi zangu. Sikutaka kuzihesabu na hapa."

Na ni kweli. Ningemrudisha siku ileile, na mizigo ningebeba mwenyewe. Hakuna kinachoniudhi kama mtu kunifanyia ujinga halafu akawa na haki.

Lakini sikumwachia hivihivi. Nilimwambia hatuendi popote kabla hajapimwa. Kesho yake tukaenda kwa daktari wa mapafu, akanung'unika njia nzima, akalaumu ngazi, akalaumu mwendo wangu. Daktari akatuonyesha picha: mapafu yana makovu, hayatakuwa tena kama yale ya zamani. Aishi anakotaka, ila kuvuta na kunyanyua vizito, basi.

Tulikaa kwenye benchi la koridoni. Nikajua anaaga mengi pale alipo, nikamwacha aage. Baadaye akanigeukia, akasema, "Basi utavuta wewe," kwa sauti ya mtu anayekukabidhi zawadi.

Kwa hiyo navuta mimi na usukani ni wake. Sasa balaa ni mdomo. "Kaza. Si hivyo. Legeza kidogo. Nilisema kidogo." Jana nilimwambia kama pumzi za maneno yote hayo anazo, aje avute mwenyewe. Akacheka mpaka akakohoa, nami nikasimama na kamba mkononi nikisubiri kikohozi kiishe. Kiliisha.

Mashine imesafishwa, na wiki ijayo tunaondoka, kwa safari fupifupi, tukilala kila penye kinga ya upepo. Tafadhali usinipigie simu kunishawishi tubaki. Nimeshajishawishi vya kutosha na sikufaulu.

Wakati huu amelala hapa ubavuni pangu, mchana kweupe, anakoroma hadi vijiko vinatetemeka. Wewe unajua nilivyoulalamikia mkoromo huu tangu nilipoolewa. Siku hizi ukikatika tu, naweka kalamu chini, nasubiri mpaka uanze tena.

Nisalimie shemeji na watoto, na mama mdogo akipita hapo mwambie sijamsahau. Mungu awafunike nyote, awape usingizi mzuri na vifua vyepesi.

Wako akupendaye kila siku,
Mdogo wako, ambaye sasa ndiye mvuta kamba