Wageni Arobaini wa Websaiti

Kadii weee, nimeumbuka!

Juzi niliwaambia kina mama wa vikapu hapa Garsen kwamba websaiti niliyowatengenezea ya kuuzia vikapu imepata wageni arobaini. Wageni! Si ndivyo tunavyosema?

Leo nikawagawa wale wageni kwa walikotoka, nijue tangazo letu limefika wapi. Nairobi, hakuna. Ulaya, hakuna. Wote wa Garsen, kompyuta hii hii yangu. Kumbe ni mimi! Kila nikifungua kuchungulia kama kuna mgeni, nahesabiwa mgeni.

Nikaenda kuwaambia. Nakuta mbuzi ameshachinjwa, pilau iko tayari.

Mwenyekiti wao, Mama Darmi, akaniuliza, "Wageni wako wapi?"

"Ni mimi, mama."

"Wote arobaini?"

"Wote."

Akanisogezea sinia. "Basi kaa ule. Ule pilau ya watu arobaini."