Kigoda cha Kasoki Kilivyopanda Jukwaani

Mwaka umetimia, mama yetu Kasoki, tangu utuache katikati ya lokidauni ya korona hapa ugenini Macquarie Fields, tukayafuata mazishi yako tukilia mbele ya simu kama watu wanaoangalia mpira.

Wiki nzima uliogesha wazee wa watu. Jumamosi ulikuwa wa wasichana wetu. Uliwakalisha kwenye kigoda chako sebuleni, ukiwasuka. Sheria ilikuwa moja: anayesukwa ndiye anayesema, na hakuna wa kumkata maneno mpaka msuko wa mwisho ufungwe. Uliwafundisha kwamba msichana mweusi hapunguzi sauti ili wengine wapumue. Wanaume ulitutuma jikoni na sombe, kisamvu chetu. Mumeo Masumbuko anapika mpaka leo, na kasuku weupe wa mtaa mzima wamenenepa kwa makombo, hawaruki tena, wanatembea.

Unamkumbuka yule mwalimu wa kuwapangia watoto masomo. Alimtoa mjukuu wako Divine kwenye hesabu za juu, akasema wasichana wenu wana moyo wa kutunza wazee, basi aende masomo ya huko. Ukamjibu, “Bwana, wazee wenu nawaogesha mimi. Huyu atakuwa daktari wa kuwapasua.”

Alicheka. Ukafa kicheko kile hakijalipwa.

Sasa kimelipwa. Mwezi wa sita shule ilifungua tena ukumbi kwa wazazi, Divine akachaguliwa kusema machache. Alipanda na kigoda chako, kichwa nusu kimesukwa, nusu nywele zimesimama. Akakaa. Wenzake wawili wakasuka, yeye akasema aliyoambiwa, na aliyeyasema, na wasichana wengine walioambiwa hayohayo. Mkuu wa shule alipoinuka kumkatiza, binti yako Anésie akamwambia taratibu, “Keti, mwalimu. Mtoto hajamaliza kusukwa.”

Na ilikuwa ile misuko midogomidogo, mama, ya kutwa nzima.

Mwalimu wako alikuwa kiti cha mbele. Tulimwona akipungua, akipungua, mpaka suti ikabaki imekaa peke yake.

Divine amerudi kwenye hesabu zake, yeye na wenzake. Mchungaji anatuomba tumsamehe yule bwana. Tumemwambia tunalifikiria, hatuna haraka.

Tunaokulilia na kucheka nawe: mumeo Masumbuko, wanao Anésie na Patient, mjukuu wako Divine, na wasichana wote wa Jumamosi.

Daima tutakukumbuka, Kasoki. Naye mwalimu hatakusahau. Tumehakikisha.